Jiwe la Njano la Uluguru

Shangazi yangu wa Bariadi hapiki maharage bila magadi. Anayanunua kwa kipande, anayahifadhi kwenye kopo la zamani la maziwa, na siku ya kupika anavunja kidogo kwa mgongo wa kisu. Siku moja niliokota punje iliyoruka, nikaikamulia ndimu juu ya sufuria iliyofunikwa. Ikachemka. Povu jeupe likatoka kwa sauti ndogo kama ya mtu anayenyonya meno, kisha punje ikaisha.

"Wewe baba, ndimu siku hizi unaijua bei yake?" alisema bila kugeuka.

Povu lile ni hewa ukaa ikitoroka. Magadi ni kaboneti, yaani hewa ukaa iliyofungwa pamoja na metali, na tindikali yoyote, hata ya ndimu, inaifungua. Nilikuwa nalijua hilo toka shule. Nililokuja kulijua ukubwani, na lililonitoa Bariadi nikapanda basi hadi Morogoro, ni kwamba mwaka 1906 huko Berlin mkemia mmoja wa Kijerumani alikuwa na kipande cha jiwe la njano mkononi, nalo likitoa povu lilelile. Jiwe hilo halikutoka Ujerumani. Lilitoka Lukwengule, milima ya Uluguru.

Mkemia huyo aliitwa Willy Marckwald. Katika makala fupi ya kurasa chache kuhusu mawe ya urani kutoka Afrika Mashariki ya Wajerumani, alilipima jiwe, akalivunja katika viungo vyake, na kusema ni madini mapya ambayo hakuna aliyewahi kuyaeleza. Akayapa jina la mtu ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Montreal, nchini Kanada: Ernest Rutherford. Hadi leo madini hayo yanaitwa rutherfordini, na katika vitabu vya dunia nzima, panapoandikwa mahali yalipopatikana kwa mara ya kwanza, pameandikwa Uluguru. Nimewauliza watu wengi wa Morogoro. Wanaijua rubi ya Matombo. Hili hawajapata kulisikia.

Wajerumani hawakupanda Uluguru kutafuta urani. Walifuata ulanga, ile mika inayobanduka karatasi kwa karatasi, ambayo viwanda vya Ulaya viliitaka kwa madirisha ya majiko na vifaa vya umeme kwa sababu haiungui na haipitishi umeme. Ulanga mkubwa hupatikana kwenye mishipa ya mawe yaliyoganda chini ya ardhi katika hali iliyoipa kila fuwele nafasi ya kunenepa. Mishipa ya namna hiyo hukusanya pia vitu adimu ambavyo mawe mengine yalivikataa. Kwa hiyo mchimbaji anayetafuta ulanga hukutana na mabonge meusi, mazito kupita kiasi, yenye ngozi ya njano. Ndiyo hayo yaliyofika Berlin.

Yalifikaje? Reli kutoka Dar es Salaam ilianza kujengwa 1905 na kufika Morogoro 1907. Makala ya Marckwald ni ya 1906. Mawe yale, basi, yaliteremka Uluguru vichwani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na bonge la urani lina uzito mara kumi wa maji ya ujazo wake, karibu na wa risasi. Mzigo mdogo wa kuangalia, mkubwa wa kubeba. Hiyo ndiyo miaka ya Maji Maji, vita vilivyoanza Umatumbini Julai 1905 na kuenea kusini mwa milima hiyo. Majina ya wapagazi hayamo katika makala ya Marckwald, wala sikutegemea kuyakuta. Ila kila ninaposoma kwamba jiwe "lilipelekwa" Berlin, huwa nausikia mgongo wa mtu ndani ya kitenzi hicho.

Sisi wa Simiyu tunazijua safari za namna hiyo kwa upande wetu. Zamani vijana wa Kisukuma walitembea kwa misafara hadi Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Meatu, kufuata chumvi. Ilikuwa safari ya kiu na ya wanyama wakali, na aliyerudi alirudi mtu mzima. Habari zake ziliandikwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Eyasi ni ziwa la chumvi na magadi: maji yakikauka kiangazi, ukingo wote unakuwa ukoko mweupe. Naitaja safari hiyo si kwa mapambo. Nitarudi Eyasi kabla sijamaliza.

Basi la Bariadi linaondoka gizani. Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga. Hadi Singida unapita katikati ya majabali: yamekaa mashambani kama ng'ombe waliolala, mengine yamepandana mawili matatu hadi unashangaa kwa nini hayaporomoki. Hayo ni mawe ya itale, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukipita Manyoni na Bahi unaona mbuga tambarare zenye udongo wa chokaa; humo nako watafiti wamekuta urani, katika madini mengine ya njano yanayoitwa karnotiti. Halafu, mahali fulani mashariki ya Dodoma, bila kibao cha barabarani kukuambia, unatoka kwenye jabali kongwe la nchi na kuingia kwenye mawe yaliyopondwa na kupikwa upya baadaye sana. Milima ya Uluguru imo humo. Mishipa yake ya ulanga ina umri wa karibu miaka milioni 600. Kwa mawe, huyo ni kijana.

Hizo namba mbili, bilioni 2.5 na milioni 600, ndizo zilizonichokoza tangu mwanzo. Nani alimwambia mtu umri wa jabali la Bariadi?

Nianze na jiwe lenyewe. Chukua embe lililokatwa katikati: nyama ya njano nje, kokwa ndani. Jiwe la Lukwengule liko hivyo, ila kokwa ni nyeusi na inang'aa kama lami. Hiyo kokwa ni uraninaiti, oksaidi ya urani, madini yaliyojijenga kilindini pasipo na hewa. Milima ilipoinuka na mvua kuila kwa mamilioni ya miaka, mshipa ukafika karibu na uso wa dunia. Maji yenye oksijeni yakaingia kwenye nyufa, urani ikapata kutu kama chuma kinavyopata, na hewa ukaa iliyokuwamo majini ikaishika. Nyama ya embe ikaota kutoka nje kwenda ndani, ikila kokwa taratibu lakini ikilinda umbo lake, hata kona za fuwele ya zamani zikabaki zinaonekana. Huko ni kubaki na sura ya marehemu.

Rutherfordini ni urani, oksijeni na kaboneti, basi. Haina maji ndani yake wala metali ya pili. Ndiyo maana ni adimu. Urani iliyopata kutu hupenda sana kunywa maji na kushikana na chochote kilicho karibu: kalisi, shaba, fosfeti, vanadi. Yapo madini ya urani zaidi ya mia mbili, na mengi ni matunda ya hiyo tabia yake ya kutokaa peke yake. Kupata kaboneti yake tupu na kavu kunahitaji hewa ukaa nyingi kuliko iliyomo katika hewa tunayovuta. Udongoni inapatikana, penye mizizi inayopumua na majani yanayooza. Uluguru ni msitu wa mvua. Napenda kufikiri kwamba pumzi ya msitu ule imo ndani ya jiwe, ingawa mwanajiolojia atanirekebisha kwamba hewa ukaa inaweza kutoka penginepo pia.

Kwa macho ni ya njano iliyofifia, wakati mwingine kahawia au nyeupe, na mara nyingi ni unga au nyuzi laini kuliko fuwele za kupendeza. Kwa uzito, asilimia 72 yake ni urani. Ndani yake atomu zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye hotipoti. Kila tabaka limeshikana vizuri, lakini tabaka na tabaka yanashikana kidogo tu, ndiyo maana ni laini. Na, kama jamaa zake wote wa urani, inatoa mionzi. Si jiwe la kuweka kabatini.

Sasa uainishaji. Mtu wa kawaida angeweka mawe yote ya urani kapu moja, kwa kuwa ya hatari na ya bei. Wataalamu wa madini hawafanyi hivyo. Hawaulizi kwanza metali gani imo. Wanauliza imeshikana na nini. Katika mpangilio wa Strunz, unaotumika sana, kokwa nyeusi imo kundi la nne, la oksaidi, pamoja na kutu za chuma. Nyama ya njano imo kundi la tano, la kaboneti, namba 5.EB.05. Na nani mwingine yumo kundi la tano? Chokaa. Marumaru. Na magadi. Kwa hiyo kokwa na nyama ya embe moja, zinazogusana, ni koo mbili tofauti, na yule wa njano ana undugu zaidi na kipande kilichomo kwenye kopo la shangazi kuliko alio nao na mzazi aliyemzaa. Mara ya kwanza kulisoma hilo nilicheka peke yangu. Kisha nikaona lina mantiki: povu ni lilelile.

Kuhusu jina, kulikuwa na vurugu kidogo. Karne ya 19 Marekani kulikuwa tayari na jiwe lililoitwa rutherfordite, kwa sababu ya wilaya iitwayo Rutherford huko North Carolina; herufi chache tu zinalitenga na la kwetu. Halafu mwaka 1947 mtaalamu wa Kibelgiji, Vaes, akaeleza madini mapya kutoka Katanga na kuyaita diderichiti. Katanga ndiko ulikokuwa mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Wabelgiji walikuwa na ada ya kuyapa mawe ya pale majina ya mabwana na mabibi wa sayansi ya mionzi: curite, becquerelite, soddyite, sklodowskite. Lakini mwaka 1955 na 1956 Joan Clark na wenzake wa idara ya jiolojia ya Marekani waliyapiga mawe hayo kwa eksirei, wakaona jinsi atomu zilivyopangwa, na kutangaza kwamba diderichiti ya Katanga na jiwe la Uluguru ni kitu kimoja. Jina la 1906 likashinda kwa kuwa lilitangulia. Uluguru ikabaki na utangulizi wake, ijapokuwa haikuulizwa.

Nilimlaumu Marckwald kwa jina hilo kwa muda mrefu. Angeshindwa nini kuita lukwenguliti? Wengine walifanya hivyo. Mawe kadhaa yanabeba majina ya vijiji vyao. Ila nilipofuata njia ya ile kokwa nyeusi, hasira ilipungua, maana iliniongoza hadi Vienna, na huko Rutherford na Uluguru wanakutana kwa haki kabisa.

Wakati ule kulikuwa na dai zito. Rutherford na wenzake walisema urani inakufa polepole, ikitema chembe za alfa, na mwisho wake ni risasi. Hesabu yake haihitaji zaidi ya vidole. Atomu ya urani ina uzito wa 238. Inatema chembe nane, kila moja uzito wa nne, jumla 32. Toa: inabaki 206. Tatizo ni kwamba risasi ya kawaida, ya betri na ya kuvulia samaki, ina uzito wa 207.2, na kemia yote ilikuwa imesimama juu ya imani kwamba elementi moja ina uzito mmoja popote duniani. Ama hesabu ya mionzi ilikuwa uongo, ama imani ile.

Kazi ya kupima ilifanyika katika taasisi ya radiamu ya Vienna, na waliopima ni Otto Hönigschmid na mwanamke kutoka Warsaw, Stefanie Horovitz. Mwaka 1914 walianza na risasi iliyotolewa katika urani ya Joachimsthal, Bohemia. Wakapata 206.74 hivi. Nyepesi kuliko ya kawaida, naam, lakini haikufika 206, kwa sababu jiwe la Joachimsthal lilikuwa limechanganyika na risasi ya kawaida iliyokuwamo tangu zamani. Walihitaji jiwe safi, fuwele iliyokua yenyewe, ambayo risasi yote iliyomo imezaliwa humohumo. Wakaletewa fuwele za Morogoro.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Horovitz aliyeyusha jiwe, akachuja, akatenga risasi na kila kitu kingine, akairudia tena na tena hadi ikawa chumvi safi nyeupe. Kisha akaipima dhidi ya fedha kwa mizani ambayo pumzi ya mpimaji inatosha kuiharibu. Kazi ya miezi, ya mikono isiyotetemeka. Jibu likatoka: 206.05 hivi. Jiwe kutoka Norway likatoa karibu hilohilo. Kwa hiyo risasi ziko zaidi ya moja, zikiwa na kemia ileile na uzito tofauti. Ni jambo ambalo mkemia Soddy alikuwa amelipa jina la isotopu mwaka 1913. Theodore Richards wa Harvard, bingwa wa kupima atomu, naye alifikia hitimisho hilo kwa mawe yake. Imani ya zamani ikaanguka, na jiwe la Uluguru lilikuwa miongoni mwa mashahidi wasafi kabisa mahakamani.

Horovitz aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942. Marckwald, ambaye naye alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alikufa mwaka huohuo Rolândia, Brazili. Rutherford alipata Nobeli ya kemia 1908.

Na kama urani inageuka risasi kwa mwendo unaojulikana, jiwe ni saa. Nusu ya urani hugeuka katika miaka bilioni 4.47. Kwenye kokwa nyeusi ya Uluguru, karibu atomu tisa katika kila mia zimekwisha kuwa risasi. Piga hesabu, unapata miaka milioni 600. Kwa saa hiyohiyo, ikisomwa ndani ya chembe ndogo za madini ya zikoni zilizomo katika itale, ndivyo ulivyojulikana umri wa majabali yetu ya Usukuma. Nililolitafuta lilikuwa hapo.

Morogoro nilipanda gari la Mgeta. Barabara inajikunja, upande mmoja matuta ya kabichi, upande mwingine hakuna kitu. Nyandira nilikuta soko la karoti, njegere na viazi, ubaridi wa kuvaa sweta mchana. Mzee mmoja aliniuliza nimekuja kununua nini. Nikamwamkia, nikamweleza, nikataja jiwe la njano lenye moyo mweusi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mjukuu wangu, mnakuja wengi mkitafuta mawe. Hapa kuna karoti."

Lukwangule, kama wanavyoiita leo, ipo juu zaidi, tambarare ya nyasi na ukungu ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, na huingii bila kibali. Niliitazama kutoka chini. Mawingu yalikuwa yameketi juu yake na hayakuondoka. Kwenye njia ya kijiji, baada ya mvua, ardhi ilikuwa inametameta: vipande vya ulanga, vidogo kama magamba ya dagaa. Niliokota kimoja kikubwa kama kucha, nikakitia ndani ya daftari.

Niliahidi kurudi Eyasi. Zile chembe nane za alfa ambazo kila atomu ya urani huzitema hazipotei. Rutherford alithibitisha akiwa Manchester mwaka 1908 kwamba kila chembe, ikitulia, ni heliamu, ileile gesi ya maputo na ya mashine kubwa za hospitali. Jabali kongwe kama letu limeitengeneza kwa mabilioni ya miaka na kuihifadhi. Bonde la Ufa linapolipasua pembeni, gesi inapata pa kutokea. Mwaka 2016 watafiti walitangaza hazina kubwa ya heliamu Rukwa, na chemchemi za upande wa Eyasi na Balangida zinajulikana tangu zamani kutoa gesi yenye heliamu. Vijana wa misafara ya chumvi waliinama kwenye ukoko ule mweupe wakijaza mizigo, na kando yao maji yalikuwa yanabubujika.

Shangazi alitaka kuona nilichorudi nacho baada ya nauli yote ile. Nikamfungulia daftari. Alikigeuza kile kipande cha ulanga kwenye mwanga wa mlango, akakibandua karatasi moja kwa ukucha, akaiangalia dunia kupitia kwake. Kisha, bila kuniomba ruhusa, akachukua nusu ya ndimu na kukikamulia.

Tukasubiri. Hakikutoa povu hata moja.

"Huyu si wa ukoo," alisema, akaifunika ndimu kwa kikombe.